Binti Anataka Viola na Uinjinia, Baba Yake Anataka Kimoja

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Lexington, Kentucky. Sisi ni Wakongo wa Fizi. Tulikaa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Grini kadi tunazo, uraia tumeshaomba. Mimi nafanya kazi ghalani shifti ya usiku, mume wangu yuko kiwandani. Shule hatukwenda mbali, kwa hiyo mambo ya koleji za hapa yanatuzungusha kichwa.

Mtoto wetu wa kwanza, Rehema, ameanza darasa la kumi na moja. Hesabu anazipenda tangu mdogo, na mwaka huu wamemweka kwenye kalkulasi na fizikia pamoja na wakubwa wa darasa la kumi na mbili. Lakini alipokuwa darasa la sita shule ilimpa viola, ile ya kufanana na fidla ila kubwa kidogo na yenye sauti nzito, na tangu siku hiyo nyumba haijatulia. Anafanyia mazoezi bafuni, mlango umefungwa, taulo chini ya mlango, maana wadogo zake wanalala mapema. Viola yenyewe ni mali ya shule. Mwaka jana alichaguliwa kwenye okestra ya wanafunzi wa jimbo zima, na Jumapili anaipigia kwaya yetu ya Kiswahili.

Mwalimu wake wa muziki anasema atapata skolashipu ya muziki. Mwalimu wa hesabu anasema ya sayansi. Mume wangu anasema, "Muziki ni wa kanisani, hiyo kitu aweke chini asome uinjinia." Rehema anasema anataka vyote viwili. Siku hizi mezani wanapeana chumvi kupitia kwangu.

Shangazi, hofu yangu ni hii. Mtoto wa dada yangu, anayeishi jimbo jingine, alipata barua ya koleji moja ya binafsi mwaka juzi. Tulifanya sherehe, tukachinja mbuzi. Barua ilisema gharama ya mwaka ni dola 58,400, na chini kabisa imeandikwa "Unachodaiwa: 0". Leo dada yangu anapokea barua za deni kwa jina lake mwenyewe, na kijana amerudi nyumbani. Nilimwomba anipigie picha ile karatasi, nimeitazama mara nyingi sioni tulipodanganyika.

Na kuna bwana mmoja hapa mjini anasema tukimpa dola 450 anatuhakikishia Rehema atapata "full", yaani skolashipu ya kulipa kila kitu. Mume wangu anataka kumlipa Ijumaa akipokea mshahara.

Je, aache viola? Tumlipe huyo bwana? Na tutajuaje barua nzuri na barua mbaya?

Mama Rehema, Lexington

---

Marahaba, Mama Rehema.

Nianze na karatasi ya mtoto wa dada yako, kwa sababu uliyoituma nimeisoma mstari kwa mstari, na majibu yako mengine yote yamo humo.

Mstari wa kwanza: tuzo ya kitaaluma ya koleji, dola 26,000. Wa pili: Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa familia za kipato cha chini, dola 7,395. Hizo ni zawadi, hazirudishwi. Mstari wa tatu umeandikwa "Direct Loan", dola 5,500. Huo ni mkopo wa kijana. Wa nne, "Work-Study", dola 2,500. Hiyo si hela aliyopewa, ni ruhusa ya kutafuta kazi chuoni na kulipwa kwa saa. Asipopata kazi, au akapata saa chache, haipo. Wa tano ndio uliowaumiza: "Parent PLUS", dola 17,005. Huo ni mkopo wa mzazi. Dada yako alitia saini kwenye kompyuta, nadhani akiamini anapokea msaada, kumbe anakopa yeye. Jumlisha mistari yote mitano, inafika 58,400 barabara. Ndiyo maana chini pameandikwa sifuri.

Zawadi halisi ilikuwa 33,395. Zilizobaki, 25,005, zilikuwa za kukopa na kufanyia kazi. Zidisha kwa miaka minne inapita laki moja ya dola, na hapo bado hujagusa ada inayopanda kila mwaka. Hakuna aliyeandika uongo kwenye karatasi ile. Imepangwa tu kwa namna ambayo mtu aliyetoka shifti ya usiku ataiona sifuri kwanza. Mimi hilo linanikera, na sitaacha kulisema.

Kwa hiyo kuanzia leo, barua yoyote ikiingia nyumbani kwenu, chukueni kalamu mkate mikopo yote na ile kazi. Bakisheni zawadi peke yake. Toa zawadi kwenye gharama nzima ya mwaka, yaani ada, malazi, chakula, vitabu na nauli. Kinachobaki ndicho mnacholinganisha na chuo kingine. Ukubwa wa skolashipu usiwashughulishe kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu skolashipu nyingi za vipaji kwenye koleji za binafsi za Marekani si fedha zilizokaa mahali zikimsubiri mtoto. Ni punguzo la bei. Unajua kununua kitenge soko la Kasulu: muuzaji anaanza na bei ya juu ili akikupunguzia uone amekupenda. Koleji inataja 58,000, inakupunguzia 26,000 na kukuita msomi bora, na huenda wengi waliokaa nawe darasani wamepunguziwa vilevile. Punguzo si ubaya. Ila chuo cha jimbo kinachoanzia bei ya chini, hata kikikupunguzia kidogo, mara nyingi kinakuacha na deni dogo zaidi.

Tufanye mfano wa hapo mlipo. Chukulia chuo cha umma chenye ada ya dola 14,000 hivi kwa mkazi wa jimbo. Rehema apate Pell kamili, 7,395, ambacho ndicho kiwango cha juu tangu 2023. Apate na KEES, ile tuzo ya Kentucky inayotokana na alama za sekondari. KEES hamhitaji kuiomba, shule yenyewe hupeleka alama zake: GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.0 inampa dola 500 kwa kila mwaka wa sekondari, na akipata 28 au zaidi kwenye ACT, mtihani wa kuombea chuo, anaongezewa 500 nyingine. Kwa hiyo mwenye alama za juu kabisa anaingia chuo na dola 2,500 kila mwaka, mradi asome ndani ya Kentucky. Rehema amekuwa akizikusanya tangu darasa la tisa bila ninyi kujua. (Hela yenyewe inatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo. Mchungaji si lazima aambiwe.) Sasa ongeza tuzo ya chuo chenyewe, tuseme 4,000 tu. Jumla 13,895. Ada imebaki 105. Analala kwenu, anakula kwenu, mnahangaika na vitabu na basi. Chuo Kikuu cha Kentucky kiko hapo hapo Lexington na kina uinjinia na shule ya muziki. Kina pia tuzo kubwa za kushindaniwa, kama Singletary, ambayo inalipa ada yote. Lakini hata asipoipata hiyo, hesabu ya hapo juu inasimama.

Sasa viola. Hapana, asiiache, na sababu zangu ni za mfukoni kabla sijafika kwenye za moyo.

Okestra ya chuo inahitaji viola kadhaa ili isikike vizuri. Watoto wanaopiga fidla wamejaa, wanaopiga viola ni wachache, hasa kwenye koleji ndogo zisizo na shule kubwa ya muziki. Ndiyo maana koleji nyingi za namna hiyo hutoa tuzo ya muziki hata kwa mwanafunzi ambaye hasomei muziki. Anaweza kuwa wa fizikia, wa hesabu au wa biolojia, sharti apige kwenye okestra kila muhula na pengine achukue somo la ala kila wiki. Mwenye kichwa cha hesabu anayeweza kukaa kwenye safu ya viola anatafutwa na ofisi mbili za chuo kimoja. Baba Rehema akimwambia aiweke chini sasa, akiwa darasa la kumi na moja, anafunga mlango mmoja wa hela kabla hajajua una kiasi gani nyuma yake.

Lakini swali la kuuliza kila chuo, kwa simu au kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi, ni hili: tuzo ya muziki inaongezwa juu ya tuzo ya kitaaluma, au mojawapo inameza nyingine? Vyuo vinatofautiana sana. Kuna vinavyompa mtoto 15,000 za alama na 5,000 za viola, jumla 20,000. Kuna vingine vinampa 15,000 basi, na zile 5,000 zimo humo humo. Ulizeni pia kuhusu skolashipu za nje, za kanisa au za taasisi ya mjini: vyuo vingine mtoto akileta 2,000 kutoka nje, vinapunguza 2,000 kwenye msaada wao wenyewe, na ninyi mnabaki palepale.

Usaili wenyewe usiwatishe. Kwa kawaida ni dakika kumi au kumi na tano mbele ya walimu: vipande viwili vya tabia tofauti, kimoja cha taratibu na kimoja cha kasi, skeli, na karatasi ya noti ambayo hajawahi kuiona aipige hapo hapo. Kwa anayetaka kusomea muziki wenyewe, vyuo vingi hutaka kwanza rekodi, mara nyingi kufikia mwanzoni mwa Desemba ya darasa la kumi na mbili, kisha huita watu ana kwa ana Januari na Februari. Rekodi ya simu inatosha kwa kuanzia, ila si bafuni. Mwombe mchungaji ufunguo wa kanisa Jumamosi asubuhi, simu ikae juu ya kiti umbali wa hatua chache, feni zizimwe.

Rehema anasema anataka vyote viwili, na yapo mahali pa namna hiyo. Oberlin, kule Ohio, na Lawrence, kule Wisconsin, zina mpango wa miaka mitano ambao mtu anatoka na shahada ya muziki na nyingine ya somo kama fizikia au hesabu. Ni mpango mzuri kweli. Lakini skolashipu nyingi hapa hulipa mihula minane, yaani miaka minne. Huo mwaka wa tano nani anaulipa? Asitie saini kabla jibu halijaandikwa. Kwa watoto wengi wa aina yake, kusomea uinjinia huku akibaki kwenye okestra kunatosha na kunamwachia usingizi.

Kuna jambo moja watu wetu wengi wanalielewa kinyume. Vile vyuo vyenye majina makubwa kabisa, Harvard, Yale, Princeton, MIT, havitoi skolashipu ya kipaji hata senti. Havimlipi mtu kwa hesabu wala kwa muziki. Vinatazama uwezo wa familia tu. Na hapo ndipo familia kama yenu inaposimama vizuri: Harvard na MIT, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025, familia ya kawaida yenye kipato chini ya dola 100,000 haitarajiwi kulipa kitu, na chini ya 200,000 hailipi ada. Kuingia ndiko kazi, wengi wa wanaoomba hukataliwa, hata wazuri. Viola huko inasaidia mlangoni tu, kwa maana anaweza kutuma rekodi ikasikilizwa na walimu wa muziki. MIT hata ina mpango unaoitwa Emerson/Harris unaolipia masomo binafsi ya ala kwa wanafunzi wanaopiga vizuri, wainjinia hao hao. Mwonyeshe mume wako hiyo.

Ili ajaribu huko bila kuuza kitu, Rehema asome habari za QuestBridge, shirika la kusaidia wanafunzi kuingia vyuo vikubwa. Ni bure, ni kwa wanafunzi wa alama za juu kutoka familia za kipato cha chini, na wanaopangiwa chuo kupitia mpango wake mkubwa wanapata ufadhili wa miaka yote minne. Maombi ya mpango huo yanafungwa mwishoni mwa Septemba ya darasa la kumi na mbili, mapema kuliko karibu kila kitu. Mwaka huu, akiwa la kumi na moja, kuna hatua yao ya maandalizi ya kuomba kufikia majira ya kuchipua.

Na karibu na nyumbani kuna Berea, kusini kidogo ya Lexington. Hawatozi ada mwanafunzi yeyote tangu 1892. Wanapokea hasa wasio na uwezo, na kila mmoja hufanya kazi ya chuo angalau saa kumi kwa wiki. Kama uinjinia ndio roho yake, atazame kwanza orodha ya masomo yao. Kama ni hesabu au fizikia, aombe bila kusita.

Kitu kingine cha Kentucky, na hiki kina haraka: programu mbili za kiangazi za gavana, Governor's Scholars kwa wenye masomo mazuri na Governor's School for the Arts kwa wasanii, wakiwemo wapiga ala. Mtoto anakaa chuoni wiki kadhaa kabla ya mwaka wake wa mwisho, na vyuo kadhaa vya jimbo huwapa waliopitia hapo tuzo za maana, vingine hadi ada nzima. Kuchaguliwa kwa Governor's Scholars kunaanzia shuleni vuli hii. Jumatatu aende kwa kaunsela wake, yule mshauri wa wanafunzi shuleni, aulize tarehe za zote mbili. Hiyo ina thamani kuliko barua kumi za kupendeza za koleji za mbali.

Skolashipu ikishapatikana ina masharti, na watoto wa uinjinia ndio wanaoanguka hapo. Chuo kinaweza kudai GPA ya 3.0, kingine 3.5, kila mwaka. Mwaka wa kwanza wa uinjinia una kalkulasi, kemia na fizikia kwa mpigo, na msichana aliyezoea A zote anaweza kutoka na 2.8 bila kuwa mvivu. KEES yenyewe inataka 2.5 baada ya mwaka wa kwanza, na baadaye akiwa chini ya 3.0 inaweza kupunguzwa. Ulizeni chuo: akishuka, anapewa muhula wa kujirekebisha? Na akiacha okestra mwaka wa tatu kwa sababu ya maabara, tuzo ya muziki inakatwa mara moja? Mimi ningechukua tuzo ya 8,000 yenye sharti la 2.75 kuliko ya 12,000 yenye sharti la 3.5.

Huyo bwana wa dola 450 msimpe. Hakuna binadamu anayeweza kuhakikisha skolashipu, na serikali ya hapa yenyewe huwaonya watu kuhusu wanaotoa ahadi hiyo. Fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo mlango wa Pell na misaada mingi ya jimbo, ni bure. Hufunguliwa kwa kawaida tarehe 1 Oktoba ya darasa la kumi na mbili, na wenye grini kadi mnaruhusiwa. Rehema na mzazi atakayejaza naye fomu kila mmoja afungue akaunti yake kabla ya hapo, na karatasi za kodi mziweke pamoja, kwa sababu fomu hutazama kipato cha miaka miwili nyuma. Kila chuo pia kinalazimika kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama. Rehema aingize kipato chenu, apate makadirio ya kinachobaki. Afanye hivyo kwa vyuo sita au saba, jioni moja, baba yake akiwa amekaa pembeni.

Maana Baba Rehema hajakosea kuogopa. Ameona deni la shemeji yake, na kwake muziki na deni vimekuwa kitu kimoja. Usimwambie kwamba viola ni kipaji cha Mungu, hilo anajua, ndiyo maana anasema ni ya kanisani. Mpe ile karatasi ya mpwa wako na kalamu, akate mikopo mwenyewe. Kisha Rehema amwonyeshe tovuti ya koleji moja inayolipa wapiga viola wasiosomea muziki. Yeye Rehema naye akubali sharti la baba: hakuna chuo kitakachokubaliwa mpaka namba ya kinachobaki iwe mezani, hata kama okestra yake ni nzuri namna gani. Siku ya mwisho ya kujibu vyuo huwa tarehe 1 Mei, kwa hiyo nafasi ya kubishana mnayo, na mnaweza kukiandikia chuo mnachokipenda kuomba kiongeze mkiwa na barua ya chuo kingine mkononi. Vingi husikiliza.

Mwisho, viola ni ya shule na pengine itadaiwa shule zikifungwa. Rehema amuulize mwalimu wake mapema kama anaweza kukaa nayo kiangazi kwa kusaini fomu, shule nyingi hukubali. Na kama watoto wanakula chakula cha bure shuleni, amwombe kaunsela msamaha wa ada za mitihani ya SAT na ACT na za maombi ya vyuo. Kila ombi moja la chuo linaweza kula dola 50 au zaidi, na ninyi hamtakiwi kulipa.

Shangazi